Mifupa ya Vingunguti, Maji ya Msimbazi

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walichoka na moshi. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa likimwaga taka zake mtaani kwao, na zilipoungua, moshi uliwafuata hadi vyumbani. Wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira alikataa, akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Wanafunzi wa sheria hufundishwa kesi hiyo mpaka leo.

Mimi si mwanasheria, na kinachonivuta ni yaliyofuata. Taka zilihamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, kando ya Mto Msimbazi. Kisha Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi, upande huu wetu wa jiji, si mbali sana na Kinyerezi ninakoishi. Kila mtaa ulioshinda ulipumua, na mtaa mwingine ukaanza kukohoa.

Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira. Utafiti wangu unahusu namna ya kutumia mabaki ya viwandani kuondoa metali nzito kwenye majitaka. Nikieleza hivyo nyumbani, swali huwa moja: yaani unasafisha uchafu kwa uchafu? Ndiyo. Wahenga walishasema dawa ya moto ni moto. Ila wazo hili lina historia ndefu kuliko maabara yetu, na historia hiyo ina onyo ambalo Tabata walilijua kabla yetu.

Tuanze na mto. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita upande wetu wa Kinyerezi na Ulongoni, unakwenda Vingunguti na Jangwani, na unaingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salenda. Safari yake yote ni kama kilomita 35. Kwenye bonde lake na mito midogo inayouingia kuna sehemu kubwa ya viwanda vya jiji: vile vya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, na vile vya Ubungo, ambako kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Zilikuwa zama za baada ya Azimio la Arusha. Taifa lilitaka kuvaa kitambaa lilichokisuka lenyewe, na mabomba ya majitaka hayakuwa habari ya ukurasa wa mbele.

Uchafu wa mto huu ni wa aina nyingi, na mwingi wake huoza. Damu ya machinjio huoza, kinyesi huoza, na mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti yalijengwa kwa kutegemea hilo: jua, mwani na bakteria hufanya kazi, maji yanatoka yakiwa nafuu. Risasi haiozi. Kadimi haiozi. Bakteria anaweza kubadilisha umbo la metali, hawezi kuimaliza. Inatulia kwenye tope, na mafuriko yakija, tope linapanda bustanini.

Na bustani zipo. Mchicha, matembele na majani ya maboga ya bonde la Msimbazi yamelisha jiji hili kwa miaka mingi, na yamesomesha watoto wa wanaoyalima. Mwaka 1999 wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha katika jarida la Food Chemistry utafiti wao juu ya mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima kadimi, shaba, risasi na zinki kwenye majani tunayoyaosha, tunayoyakata na kuyaunga kwa nazi. Kuosha huondoa vumbi. Kilichopandishwa na mizizi hakitoki kwa maji ya bomba.

Dunia ilishajifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu uliripotiwa Minamata, Japani. Chanzo kilikuwa zebaki kutoka kiwandani, iliyoingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwa watu. Baada ya hapo, swali la namna ya kunasa metali kabla haijafika kwenye chakula likawa la dharura.

Jibu moja lilikuwa limeshakaa jikoni na kwenye viwanda vya sukari kwa zaidi ya karne. Mwaka 1773 Scheele, mkemia wa Sweden, alionyesha kwamba mkaa hunasa gesi. Mwaka 1785 Lowitz, huko Urusi, aliona mkaa ukiondoa rangi kwenye kimiminika. Mwaka 1811 Figuier, Mfaransa, akagundua kwamba mkaa wa mifupa huondoa rangi vizuri kuliko mkaa wa kuni. Wenye viwanda vya sukari vya Ulaya hawakungoja maelezo ya kisayansi. Walichukua mifupa ya machinjio, wakaichoma bila kuipa hewa ya kutosha, wakapitisha humo sharubati ya kahawia, na sukari nyeupe ikatoka. Takataka ya kiwanda kimoja ilikuwa chombo cha kiwanda kingine.

Karne ya 20 mkaa huohuo ulipewa kazi ya maji. Mji wa Britton, Dakota Kusini nchini Marekani, uliutumia kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa. Teknolojia hiyo ikaja kwetu. Kaskazini mwa Tanzania, kuzunguka Mlima Meru, maji mengi yana floraidi kupita kiasi. Meno hugeuka kahawia, na mifupa ya watoto inaweza kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa muda mrefu sisi tuliruhusu hadi 4, kwa sababu kufuata 1.5 kungefunga visima vingi mno. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, mifupa ya ng'ombe ilichomwa, ikasagwa, ikawekwa kwenye ndoo za kuchujia maji nyumbani. Ng'ambo ya mpaka, Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi kama hiyo mwaka 1998.

Kwa hiyo mtu akisema wazo hili ni la kigeni, namwelekeza Ngurdoto.

Mfupa ambao umekuwa mkaa ni madini ya kalsiamu na fosfati kwa sehemu kubwa, pamoja na kaboni kidogo. Risasi au kadimi inapopita ndani ya maji, inamtoa kalsiamu kwenye nafasi yake na kukaa yenyewe. Ni kama abiria wa daladala: mmoja anashuka, mwingine anakaa. Viti vikijaa, gari halipakii tena. Tena maji yakiwa na asidi nyingi, haidrojeni nayo inagombea viti hivyohivyo, na metali inabaki kituoni.

Wapo wagombea wengine. Majivu ya makaa ya mawe na mabaki ya tanuru za chuma yamejaribiwa sana nchi nyingine. Sisi tuna kumbi za miwa za Kilombero na Mtibwa, pumba za mpunga, na mabaki ya mkonge wa Tanga, zao ambalo nyuzi zake ni sehemu ndogo sana ya jani zima. Mvuto wa vyote ni bei. Mkaa maalumu wa kuchuja unaonunuliwa kutoka nje ni ghali, na kiwanda kidogo cha rangi au cha kuyeyusha betri hakitaununua kwa hiari.

Lakini nimeichagua mifupa kwa sababu ya jirani yangu wa mtoni, machinjio ya Vingunguti. Inanifurahisha kuwaza kwamba kinachochafua na kinachoweza kusafisha viko kwenye ukingo mmoja. Kikwazo kimoja cha Arusha nacho hakipo hapa: kule baadhi ya watu walisita, wakiuliza mfupa ni wa mnyama gani na alichinjwaje. Majitaka hayanywi mtu.

Hata hivyo mifupa si ya bure. Nyama yetu huuzwa na mfupa wake, makongoro yanaishia kwenye supu ya asubuhi, na inayobaki ina wanunuzi wanaoisaga kwa chakula cha kuku. Anayetaka kujenga mtambo lazima ashindane nao. Pia majitaka halisi si yale ya maabara. Pale tunachanganya risasi na maji safi, na mfupa unafanya kazi kwa raha. Mfereji wa kiwanda una mafuta, sabuni, rangi na chumvi, vyote vinataka kiti. Karatasi nyingi za kisayansi huishia kabla ya mfereji huo.

Na hapa ndipo Tabata inaponirudia. Mfupa uliojaa risasi ni taka ya sumu. Ukiutupa Pugu Kinyamwezi, mvua itaulainisha taratibu, na metali itaanza safari mpya kwenye vilima vilevile mto unakoanzia. Tutakuwa tumeihamisha tena, safari hii tukiwa na shahada. Ndiyo maana nadhani swali la kwanza la utafiti wa aina hii liwe mfupa uliojaa utalala wapi: ndani ya tofali la zege lililopimwa kwamba halivuji, kwenye shimo lililotandikwa vizuri, au kwa mtu anayeweza kuirudisha metali kazini. Asilimia za kunasa zije baadaye.

Swali la pili ni nani alipe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshajibu: anayechafua ndiye anayelipa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi, hasa kwa ajili ya mafuriko. Mto ukitengenezwa vizuri chini, Jangwani, na mfereji wa kiwanda ukaachwa ulivyo juu, tope litakalotulia litakuwa lilelile.

Kichujio cha mifupa mahali pake ni kwenye mlango wa kiwanda, kabla maji hayajawa ya kila mtu. Pale ni kazi ya mwenye kiwanda, inahesabika, na mkaguzi anaweza kubisha hodi. Yakishaingia Msimbazi, kazi hiyo anaifanya mchicha.