Vijana wa miaka 15, sayansi, na matumaini juu ya dunia

Walimu wengi wanadhani hivi: kijana akifundishwa vizuri sayansi, atapenda kutunza inchi, maji na pori. Wazo hili si la zamani sana. Mwezi wa Juni 1972 mkutano wa ONU huko Stockholm ulitangaza ya kwamba ni lazima kuwafundisha vijana na watu wazima mambo ya mazingira. Mwaka 1977, huko Tbilisi, wajumbe walitaja makusudi matano ya mafundisho hayo: kuamsha watu, kuwapa maarifa, kuwapa moyo wa kujali, kuwapa ufundi, na kuwashirikisha katika kazi. Maarifa ni moja tu katika matano. Lakini katika kalasi, ambamo mtihani ndio mfalme, hilo moja linameza mengine kwa upesi.

Mwaka 2006 OCDE, yenye makao Paris, iliuliza wanafunzi wa miaka 15 wapata 400.000 wa inchi 57, katika uchunguzi unaoitwa PISA. Kongo haikuwamo, katika Afrika ilikuwamo Tunisia peke yake, basi tusiseme kwamba wale ni watoto wetu. Waliulizwa juu ya hewa chafu, ukataji wa pori, ukosefu wa maji na mengine: je, katika miaka 20 mambo hayo yatakuwa mema zaidi, ao mabaya zaidi? Wachache tu walitazamia mema. Tena, wale waliofahamu sayansi zaidi walijua hatari hizo zaidi, lakini kwa kawaida ndio waliotazamia mema kidogo kuliko wenzao.

Je, sayansi inavunja moyo? Hesabu zile hazisemi hivyo. Zinaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, hazionyeshi lipi lililozaa lingine. Pengine mwanafunzi hodari anaona ukweli, na mwenzake anatulia kwa sababu hajui. Zaidi ya hayo, OCDE iliwaomba watoto wabashiri. Matumaini ambayo seminari inayafundisha kama fadhila ya kimungu si ubashiri, na mwenye nayo anaweza kuona pori likigeuka makala bila kujidanganya, na bila kukunja mikono.

Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si', mwaka 2015, ya kwamba kutoa habari hakutoshi kama hakuzai mazoea mema. Miaka mitatu nyuma yake, mwezi wa Agosti 2018, Greta Thunberg wa Sweden, mwenye miaka 15 naye, aliacha kalasi akaketi mbele ya Bunge la Stockholm. Habari za tabia ya hewa alizisikia kwanza masomoni, angali mtoto mdogo. Zilimtia huzuni kwa muda mrefu. Siku ya kwanza aliketi pale peke yake. Siku ya pili watu wengine wakaja.