Ng'ombe wa Uwanda wa Uasin Gishu

Jiji la Eldoret ni makao makuu ya kaunti iliyobeba jina la mifugo. Uasin Gishu limetokana na Wuasinkishu, tawi la Wamaasai lililolisha ng'ombe kwenye uwanda huo wa juu hadi karne ya 19, na kwa kawaida jina lao hufasiriwa kuwa ng'ombe wa milia. Kila jamii iliyoushika uwanda huo ilikuwa na ng'ombe. Kilichobadilika ni kazi ya mnyama huyo.

Kabla ya Wamaasai walikuwapo wafugaji ambao masimulizi ya Wakalenjin huwaita Wasirikwa. Alama waliyoiacha ni mashimo ya duara kwenye miteremko, yaliyotumika kati ya karne ya 13 na ya 18 hivi. Shimo moja huwa na upana wa takriban mita 10. Mlango wake hutazama bondeni, na nje yake huwapo kilima kidogo cha samadi na tope lililozolewa zizini mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe walilala humo shimoni, na nyumba ya mwenyewe iliegemezwa ubavuni, mlango wake ukifungukia zizini. Mwizi wa usiku hakuwa na njia ya kuswaga hata ndama mmoja bila kupita mbele ya wenye mali. Ni ujenzi wa watu waliojua vyema kuvamiwa.

Katika karne ya 19 vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe viliwatawanya Wuasinkishu, na Wanandi wakapata nafasi ya kulisha pembezoni mwa uwanda. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki. Kisha ikaja vita ya Waingereza. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905, na vikosi vya serikali vikateka ng'ombe wa Wanandi kwa maelfu. Pigo hilo lilikusudiwa: bila ng'ombe hapakuwa na mahari, fidia wala maziwa ya watoto.

Baada ya hapo wakoloni waliuandika uwanda kuwa mtupu, neno lililowafaa sana. Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa imekwisha kuwapendekezea Wazayuni ardhi hiyo. Tume yao ilifika mwanzoni mwa 1905, na mwaka huohuo kongamano lao likakataa.

Waliokubali ni Makaburu. Mwaka 1908 Jansen van Rensburg aliongoza zaidi ya watu 200 kutoka Afrika Kusini. Walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, na huko wakajipatia maksai ambao ilibidi wafundishwe kwanza kuvaa nira. Safari ya magari ya ng'ombe kutoka Nakuru ilianza Agosti, ikapita kwenye misitu, mabonde na matope, na msafara ukafika Sergoit mwishoni mwa Oktoba. Gari lililojaa lilihitaji hadi maksai 16, wakifungwa wawiliwawili.

Mji wenyewe ulizaliwa kwenye Shamba Namba 64, palipofunguliwa posta mwaka 1910. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na Wakalenjin wengi waliendelea kupaita Sisibo, yaani sitini na nne kwa matamshi ya kwao. Kwa miaka kadhaa bidhaa zilishushwa stesheni ya Londiani na kukokotwa na maksai kupitia Timboroa. Masika njia hiyo iligeuka kinamasi. Inasimuliwa kwamba sefu ya benki ya kwanza ilianguka kutoka garini, ikawashinda watu kuiinua, na benki ikajengwa palepale kuizunguka.

Reli ilifika mwaka 1924. Maksai hawakuwa tena tegemeo la safari ndefu, ingawa walibaki kwenye jembe. Walowezi walileta madume ya Ulaya ili kuongeza maziwa, na josho likawa jambo la lazima kwa sababu ng'ombe wa kigeni hufa upesi kwa ndigana inayoenezwa na kupe. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na Waafrika, kisha yakagawanywa. Kwenye ekari chache ng'ombe huletewa majani bandani, na maziwa ya asubuhi hupelekwa kiwandani au kwa wachuuzi. Yanayobaki nyumbani huenda kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa kijiti, yakawa mursik, ambayo wanariadha hupokewa nayo wanaporudi na medali.