Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Kiboriloni ni soko lililo kando ya barabara itokayo mjini Moshi kwenda Himo. Msafiri apitaye hapo huona mitumba na mikungu ya ndizi, akaenda zake. Lakini mwenye kupenda historia hana budi kuyatazama mbele kidogo. Huko Himo njia hugawanyika: mmoja hupanda Marangu, katika nchi ya Vunjo, na mwingine hufuata uwanda hadi Mwanga, chini ya milima ya Upare. Vunjo ni nyumbani kwa Augustino Mrema. Usangi, juu ya Mwanga, ni nyumbani kwa Cleopa Msuya. Mwaka 1995 wote wawili walitaka kuiongoza Tanzania. Mmoja aliutafuta uongozi huo ndani ya Chama Cha Mapinduzi, na mwingine aliutafuta nje yake. Wote walishindwa. Makala haya yanahusu kushindwa huko, kwani ushindi una walimu wengi, lakini kushindwa hakuna anayekufundisha.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Tangu 1965 nchi yetu ilifuata mfumo wa chama kimoja. Katika uchaguzi wa wabunge wagombea wawili walishindana chini ya alama za jembe na nyumba, bali kwa Rais jina lilikuwa moja tu, na mpiga kura aliulizwa ndiyo au hapana. Hata Mwalimu Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, jina lililofikishwa mbele ya Mkutano Mkuu wa CCM lilikuwa moja, la Ali Hassan Mwinyi. Mashindano yalikuwapo, lakini yalimalizwa katika vikao vya ndani. Mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi, na miaka mitatu baadaye Chama kilitakiwa kumpata mrithi wa Mzee Mwinyi hali wapinzani wakitazama.

Basi mwezi Julai 1995 wajumbe wa Mkutano Mkuu walikusanyika Dodoma. Wengi walikuwa wameomba. Vikao vya juu vilichuja hadi yakabaki majina matatu: Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, kijana wa miaka 44. Benjamin Mkapa, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Na Cleopa Msuya, Waziri Mkuu, mkubwa wao kwa umri na kwa utumishi. Katika duru ya kwanza Kikwete alipata kura 534, Mkapa 459, na Msuya 336. Hapakuwa na aliyevuka nusu. Msuya akatoka, na wawili wa kwanza wakapigiwa kura tena. Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Aliyeongoza asubuhi alishindwa jioni, na tofauti ilikuwa kura 47.

Ndugu msomaji, chukua kalamu ufanye hesabu. Kati ya duru ya kwanza na ya pili Mkapa aliongezewa kura 227, na Kikwete 105. Jumla yake ni 332, karibu sawa na zile 336 alizopata Msuya. Kura ni siri, na hapana awezaye kusema kila mjumbe alielekea wapi. Hata hivyo hesabu yenyewe inaonyesha kuwa wafuasi wa yule aliyekuwa wa tatu ndio waliomchagua Rais. Mtu wa Usangi hakuupata uongozi, lakini kushindwa kwake kulikuwa na uzito kuliko ushindi wa wengi. Msuya hakukihama Chama. Aliendelea kuwa mbunge wa Mwanga.

Kikwete naye hakuhama. Mkapa alipoingia Ikulu alimpa Wizara ya Mambo ya Nje, na huko alikaa miaka kumi. Mwaka 2005 alirudi mbele ya Mkutano Mkuu, akapata kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wangeweza kuongeza kuwa aliyekubali huenda akawa mshindi wa kesho.

Lakini tusiifanye methali hiyo kuwa kamba ya kuwafungia watu. Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na kushika pia cheo cha Naibu Waziri Mkuu, aliondolewa serikalini mapema mwaka 1995, akakiacha Chama na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Katika Uchaguzi Mkuu alipata kiasi cha asilimia 28 ya kura zote, Mkapa akapata kiasi cha asilimia 62. Mkoa wa Kilimanjaro ulimpa Mrema kura nyingi. Sheria ilimruhusu kuhama, nao waliomfuata walikuwa raia wema kama waliobaki. Kosa halikuwa kuhama wala kubaki. Kosa lilikuwa kwa jirani kukataa salamu ya jirani kwa sababu ya rangi ya kadi.

Tena mlimani mambo haya hayakuwa mageni. Mwaka 1951, kabla TANU haijazaliwa, Wachaga walimchagua kwa kura Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, naye akawashinda wamangi waliokuwa na mamlaka ya muda mrefu. Chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union, alichokiongoza Petro Njau, ndicho kilichomwinua. Haikupita miaka kumi, baadhi ya waliompandisha wakawa wapinzani wake. Mwaka 1960 wananchi walipiga kura tena, cheo cha Mangi Mkuu kikaondolewa, na Solomon Eliufoo akawa rais wa Wachaga kwa kuchaguliwa. Hivyo mtu mmoja aliyaonja yote mawili, ushindi na kushindwa, mikononi mwa watu wale wale.

Wazee wetu walikuwa na dawa. Katika mipaka ya vihamba hupandwa mmea uitwao sale. Mkosaji aliyetaka kupatana na mwenzake alimpelekea jani lake, na aliyepelekewa ilimpasa kusamehe, hata kama uchungu ulikuwa haujamtoka. Katika uchaguzi kila upande humkosea mwenzake kwa maneno. Aliye na wajibu wa kulipeleka jani kwanza ni mshindi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye cha kutoa. Kwa kipimo hicho, kumkabidhi wizara kubwa mtu aliyebakiza kura 47 tu akushinde ni namna ya kupeleka sale. Na aliyeipokea na kuitumikia nchi kwa miaka kumi alilipokea jani.

Nanyi wanafunzi, mnapomchagua kiranja, msiishie kuhesabu kura na kupiga makofi. Mtazameni yule aliyeshindwa anakaa wapi siku ya pili, na nani anakwenda kuketi naye. Hapo ndipo uchaguzi wenu hupimwa.