Maji yanaingia kwa mtoto? Historia fupi ya mjamzito na bwawa la kuogelea

Dada yangu ana mimba ya miezi sita, na tangu utotoni yeye ni mtu wa maji. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa amekasirika kwelikweli. Kliniki moja alikohudhuria walimwambia aache kuogelea mara moja kwa sababu "maji yataingia kwa mtoto", na kama ni lazima afanye mazoezi, basi mapigo ya moyo yasizidi 140 kwa dakika. "Mdogo wangu, si wewe ndiye unasomea fiziolojia? Niambie, hii ni kweli au ni maneno tu?" Nikamwomba siku mbili. Siku mbili zikawa wiki tatu, maana kila nilipofukua nilikuta chini yake kuna historia nyingine.

Twende nayo taratibu. Tuanze na hayo maji.

Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliwaonya wajawazito, hasa wa miezi ya mwisho, wasijilaze kwenye beseni la kuogea. Walihofia kwamba maji machafu yangepanda ukeni, yavuke mlango wa kizazi na kupeleka vijidudu kwenye mfuko wa uzazi. Usiwacheke haraka. Kabla ya antibiotiki, homa ya uzazi iliua wanawake wengi mno, na daktari aliyeona vifo hivyo alikuwa na haki ya kuogopa. Shida ni kwamba onyo lilirudiwa na kurudiwa bila mtu kulipima.

Mwaka 1960 daktari Mmarekani aitwaye Siegel alilipima, na jaribio lake ungeweza kulielewa ukiwa sekondari. Unakumbuka kudondoshea iodini kwenye kipande cha muhogo kikageuka buluu iliyokaribia nyeusi? Ndiyo hiyohiyo. Siegel alitumia pamba zenye wanga zilizowekwa ukeni, kisha kina mama wakaoga kwenye maji yenye iodini. Kama maji yanaingia, pamba itageuka rangi. Haikugeuka. Makala yake ni fupi sana na kichwa chake ni swali tupu: je, maji ya kuogea huingia ukeni?

Maelezo yake si magumu. Kuta za uke hugusana, mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito, na mtoto amefungwa ndani ya mfuko wenye maji yake mwenyewe. Ulinzi huo huondoka chupa ikipasuka, na hapo ndipo bwawa linakuwa marufuku kweli. Kabla ya hapo, maji ya kuogelea hayamfikii mtoto.

Basi hofu ya maji ikajibiwa. Ikabaki hofu ya mazoezi yenyewe, na hii ndiyo ilinichosha.

Mwaka 1949 Ofisi ya Watoto ya serikali ya Marekani ilitoa ushauri kwa wajawazito wasio na matatizo: waendelee na kazi za nyumbani, walime bustani, watembee hadi maili moja kwa siku (kama kilomita 1.6) kwa vipande vipande, na hata kuogelea mara mojamoja. Michezo, hapana. Soma orodha hiyo tena. Kupiga deki na kufua nguo kwa mikono havikuonekana kuwa hatari kwa mimba, lakini kucheza tenisi kulionekana hatari. Mimi nadhani hapo fiziolojia haikuhusika sana.

Kisha ikaja 1985. Wanawake wengi Marekani walikuwa wameanza kukimbia barabarani na kujaa kwenye madarasa ya erobiki, na chuo cha madaktari wa uzazi cha nchi hiyo, ACOG, kikatoa mwongozo: mapigo ya moyo yasizidi 140, mazoezi mazito yasipite dakika 15, na joto la ndani ya mwili lisivuke nyuzi 38. Kumbe ile 140 ya dada yangu ilitokea huku!

Sharti la joto lilikuwa na mizizi. Huko Australia mtafiti Marshall Edwards alikuwa ameonyesha kwamba nguruwe-Guinea wenye mimba wakipashwa joto kupita kiasi huzaa watoto wenye kasoro. Lakini 140 na dakika 15 vilikuwa zaidi makubaliano ya wataalamu waliokosa takwimu za kutosha na wakaamua kuwa waangalifu. Uangalifu si kosa. Ila moyo wa mjamzito tayari hupiga haraka kuliko kawaida hata akiwa amekaa, na kasi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Namba moja kwa wote ilikuwa kipimo kibovu. Mwaka 1994 ACOG wenyewe waliiondoa. Dada yangu aliambiwa namba hiyo miaka zaidi ya 30 baada ya walioitunga kuiacha.

Sasa kwa nini maji hasa? Miaka ya 1980 mwishoni, pale Chuo Kikuu cha North Carolina, kundi la akina Vern Katz na Robert McMurray liliwaweka wajawazito majini na kuwapima. Mwaka 1990 walilinganisha dawa ya zamani ya miguu kuvimba, yaani kulala kitandani, na kukaa ndani ya maji yanayofika mabegani. Maji yalishinda. Sababu ni shinikizo: kadiri unavyoenda chini ndivyo maji yanavyokukandamiza zaidi, kwa hiyo miguu hubanwa kuliko kifua, na majimaji yaliyotuama kwenye nyama hurudishwa ndani ya mishipa ya damu. Moyo unapata damu nyingi, figo zinaambiwa kuna ziada, na mama anakimbilia chooni. (Dada yangu alithibitisha hili kabla sijamaliza sentensi.) Ongeza na ule msukumo wa juu tuliofundishwa kwa jina la Archimedes: uzito wa tumbo huacha kuvuta kiuno.

Na madawa ya bwawa je? Swali zuri, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu wa miili yetu hutengeneza kemikali zisizopendeza. Denmaki walifuatilia mimba 74,486 zilizosajiliwa kati ya 1996 na 2002. Matokeo yalitoka 2010: waogeleaji hawakuwa na hatari zaidi ya kuzaa njiti wala kuzaa watoto wenye kasoro kuliko wasiofanya mazoezi. Kwa kweli hatari yao ilikuwa ndogo kidogo, ingawa usikimbilie kusema maji ndiyo yaliyowakinga; wanawake wanaoogelea huenda wana afya bora tangu mwanzo.

Wakati wote huo, kisiwani Jeju, Korea, wanawake waitwao haenyeo walikuwa wanapiga mbizi kuvuna konokono wa baharini na mwani, wakiwa na mimba, wengine hadi karibu na siku ya kujifungua. Kabla ya nguo za mpira walivaa pamba tu, hata majira ya baridi. Hawakumwuliza daktari, walihitaji kula. Mwaka 2025 kundi la mtafiti Melissa Ilardo liliripoti kwamba baadhi ya watu wa Jeju wana tofauti ya kijeni inayoambatana na shinikizo dogo la damu wakati wa kuzamia, na wakapendekeza kuwa huenda iliwakinga wazamiaji wajawazito. Hili bado ni pendekezo. Usilichukue kama ruhusa ya kuzamia: kuzamia kwa mtungi wa hewa bado kunakatazwa wakati wa mimba.

Leo ACOG na Shirika la Afya Duniani wanasema jambo moja kwa wenye mimba isiyo na matatizo: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Maji yasiwe ya moto. Mapitio ya 2019 yaliona mazoezi majini hadi dakika 45 kwenye nyuzi 33.4 au chini hayafikishi joto la mwili mahali pa hatari. Ukitokwa damu, chupa ikipasuka, una presha ya mimba, au kondo limekaa mlangoni, usiingie majini kabla ya kuzungumza na daktari anayekufuatilia.

Nilimpa dada haya yote. Akauliza, "Na bahari?" Nikamwambia mwili ni uleule, ila bwawa halina mkondo. Alikwenda kwa daktari mwingine, akapimwa, akaruhusiwa. Jumamosi nilimsindikiza bwawani. Kitu cha hatari nilichokiona siku nzima ni vigae vyenye utelezi pale kwenye ngazi, nikamshika mkono mpaka maji yakamfika kiunoni.