Nani Alimfunda Kiongozi wa Ngoma? Historia ya Kuponya kwa Sanaa Mpakani Tunduma

Mwaka jana ndugu mmoja anayefanya kazi ya maendeleo ya jamii alinitumia ratiba ya mafunzo yaliyokusudiwa kufanyika katika kata moja ya mpakani. Waalikwa walikuwa viongozi wa vikundi: wenyeviti wa vikoba, walimu wa kwaya, viongozi wa bodaboda na wa mama lishe. Walipaswa kujifunza namna ya kutumia ngoma, uchoraji, maigizo na masimulizi kuwasaidia watu waliopatwa na kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloendelea kuuma baada ya tukio lenyewe kupita. Siku ya kwanza ilikuwa ya utangulizi, ya pili ya nadharia, ya tatu na ya nne za sanaa zenyewe. Siku ya tano, kabla ya chakula cha mchana, palikuwa na vyeti na picha ya pamoja. Niliipitia ratiba ile mara mbili nikitafuta siku ya sita, sikuiona.

Sisemi hivyo kwa kubeza. Haja ipo, tena kubwa. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unapitiwa na barabara kuu iendayo Zambia, na kila dereva wa lori anaujua mlima Senjele kwa ajali zake. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2003/04 uliukuta Mkoa wa Mbeya, Tunduma ikiwa bado ndani yake, na maambukizi ya takriban asilimia 13, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Waliokuwa watoto katika nyumba zilizofiwa miaka ile leo ni watu wazima, na baadhi yao ndio viongozi wa vikundi tunaowaita kwenye mafunzo. Hoja yangu inahusu swali ambalo mafunzo mengi hayaulizi: kiongozi wa namna hiyo anafundwa vipi, kwa muda gani, na nani anamlea yeye mwenyewe akisharudi kwao? Swali hilo lina historia ndefu katika nchi hii ya mpakani, na historia hiyo haimo katika vitini vya semina.

Tuanze na Novemba 1918. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, likiwa limekimbizwa huku na huko kwa miaka minne, lilivuka mpaka na kushambulia boma la Kiingereza la Fife, jirani na Nakonde ya leo. Likaendelea hadi Kasama, na tarehe 25 likasalimu amri Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya. Hayo hufundishwa shuleni kama ujanja wa jenerali. Wenyeji wa pande zote mbili za mpaka waliyajua kwa njia nyingine. Vita vile vilipiganwa kwa migongo ya watu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika mapambano ya Afrika Mashariki, na hesabu yao rasmi ya waliokufa, takriban 95,000, wanahistoria wengi wanaiona pungufu. Dar es Salaam imebaki na jina la Kariakoo kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tenga-tenga. Baada ya vita ikaja homa kali ya mafua, nayo ikaingia vijijini ambako chakula kilikuwa kimeshachukuliwa na majeshi.

Watu waliorudi kutoka katika mambo hayo walifanya nini? Hapakuwa na mnasihi wala dawati la ustawi. Walichokuwa nacho kilikuwa ngoma, na ngoma iliyosambaa zaidi ilikuwa beni. Ilizaliwa katika pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890, kwa kuiga bendi na gwaride. Vita vikaibeba hadi bara. Askari na wapagazi wa majeshi yote mawili waliicheza kambini, kisha wakarudi nayo makwao. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifuatilia safari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na akaonyesha jinsi ilivyozaa mganda na malipenga katika nchi za Ziwa Nyasa na kalela katika migodi ya shaba ya Zambia, ambako vijana wengi wa nyanda hizi walikwenda kutafuta mshahara.

Wakoloni waliziona ngoma hizi kama uigaji wa Waafrika wasiojua wanachokiiga. Mimi naziona vingine. Watu waliopokea amri kwa miaka minne, wakatembezwa wasikotaka na kuwazika wenzao kando ya njia, walizichukua amri zile zile, vyeo vile vile na mwendo ule ule wa gwaride, wakavigeuza kuwa mchezo wanaoutawala wenyewe. Kikundi cha beni kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na makarani wake, na kilikuwa na michango ya kumuuguza mgonjwa na kumzika maiti. Katika kalela aliyoishuhudia J. Clyde Mitchell huko Luanshya mwaka 1951 alikuwamo daktari mwenye joho jeupe, na alikuwamo muuguzi, mwanamke aliyepita kati ya wachezaji na kioo na leso ili kila mmoja ajitazame na kufuta jasho. Mitchell alishughulika zaidi na utani wa makabila uliokuwamo katika nyimbo. Nakiri kwamba mimi namtazama zaidi yule muuguzi. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba wachezaji wale waliita jambo hilo tiba. Lakini kikundi chenye cheo maalumu cha kumwangalia mchezaji anapochoka kinajua jambo ambalo ratiba niliyotumiwa haikulijua.

Kiongozi wa beni au mganda hakuteuliwa na mgeni. Alipanda ngazi kwa ustadi wa kucheza na kwa ukarimu wa mfuko wake, mbele ya watu walewale ambao baadaye angewaongoza. Kabla ya kuitwa jenerali alikuwa ameshaonekana msibani.

Ukivuka mto Songwe kutoka Ileje kuingia Malawi, kisha ukashuka kusini hadi kwa Watumbuka, utaukuta mfano ulio wazi zaidi. Vimbuza ni jina la maradhi na ni jina la ngoma inayoyatibu. Wamisheni waliipiga vita, serikali ya kikoloni haikuipenda, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke, hupelekwa kwa mganga, na matibabu huweza kuchukua wiki au miezi. Ngoma hupigwa usiku, watu huimba, mgonjwa hucheza kile kinachomsumbua. Steven Friedson, aliyeichunguza kwa karibu tiba hiyo, alionyesha kwamba waganga wenyewe waliwahi kuugua. Ugonjwa wao ndio uliokuwa mlango wa uganga. Kabla yake John Janzen alikuwa ameuona utaratibu kama huo katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati na Kusini, Dar es Salaam ikiwa mojawapo: mtu huingia akiwa mgonjwa, hupita daraja baada ya daraja, na baadaye huwashika mkono wengine. Ndiyo maana neno moja, ngoma, hubeba kifaa, wimbo, mchezo, na penginepo chama cha watu walioponywa pamoja.

Sitaki mtu anielewe kwamba naomba turudi kilingeni. Uganga wa namna hiyo una gharama zake, na palipo na uaguzi huweza kuzuka tuhuma za uchawi, nazo katika nyanda zetu zimewatoa watu roho. Afisa ustawi anayetahadhari na mambo hayo ana haki. Ninachokitaka ni utaratibu wa kumfunda kiongozi: muda mrefu, kusimamiwa na aliyetangulia, na kuwa na kikundi cha wenzake wanaomjua.

Utaratibu huo ulikatikaje? Sehemu ya jibu ni ya kikoloni. Sheria ya Uchawi ya 1928 iliwafanya waganga wengi wafanye kazi zao kwa kujificha. Sehemu nyingine ni yetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alipohutubia Desemba 1962, akianzisha Wizara ya Utamaduni na Vijana, alisikitika kwamba Mwafrika alifundishwa kuzidharau ngoma zake. Alisema kweli. Ila namna serikali ilivyoziokoa ngoma hizo ilikuwa kuzipeleka jukwaani. Likaundwa kundi la taifa la ngoma, baadaye kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kila wilaya ikawa na kikundi cha kumpokea mgeni rasmi. Ngoma ya usiku mzima ikafupishwa ili iishe kabla ya hotuba. Ngoma ikakabidhiwa kwa afisa utamaduni na majonzi kwa afisa ustawi, na mpaka leo katika halmashauri nyingi maafisa hao wawili hukutana kwenye sherehe tu.

Mahali ambapo uzi haukukatika kabisa ni kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya hufundwa kwa miaka. Huanza akiwa mwimbaji, husaidia, husahihishwa mbele za watu. Kwaya ina mwenyekiti, mhazini na daftari la michango, na mwanakwaya akifiwa wenzake hulala msibani. Gregory Barz, aliyeziandikia kwaya za Dar es Salaam, aliziona kama jamii ndogo kamili. Hilo halitamshangaza mtu yeyote wa Mbozi.

Baadhi ya wasomi wetu waliliona pengo mapema. Miaka ya 1982 na 1983 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji kuchambua matatizo yao kabla ya kutunga mchezo wowote. Mwaka 1996 mkondo huo ulizaa Tuseme, mradi uliowafunza wasichana wa sekondari kuyasema kwa maigizo na ngoma mambo waliyokatazwa kuyasema, na uliojenga vikundi vilivyobaki shuleni baada ya wawezeshaji kuondoka. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulianza mwaka 1997 kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Jina lake kwa Kihaya lina maana ya kufariji. Baada ya watu wazima kufundwa jinsi ya kuzungumza na mtoto aliyefiwa, mwaka 2000 vijana wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa viongozi wa wenzao.

Tofauti moja kati ya Tuseme na tiba naikazia kila mara darasani. Tamthilia ya maendeleo inahitaji hadhira, nayo tiba inahitaji mlango uliofungwa. Msichana anayeigiza jinsi mwalimu anavyowasumbua wanafunzi, bila kumtaja, anaibadili shule. Mwanamke anayeigiza ubakaji wake mwenyewe mbele ya mtaa mzima wa Tunduma anaweza kukutana kesho na mtendaji sokoni, au na ndugu zake, na kesi yake bado iko dawati la jinsia la polisi. Mji wa mpakani una watu wengi wapitao, lakini wakaao wanajuana sana. Kiongozi aliyefunzwa siku tano anaweza kuwa amejifunza namna ya kumfanya mtu alie. Kujua ni nani asilizwe hadharani, ni lini ngoma isimamishwe, na ni nani apelekwe hospitali badala ya kuchorewa picha, ni elimu ya miezi.

Rwanda iliijua hesabu hii. Huko Byumba mwaka 2005 ilianzishwa tiba ya vikundi ambayo viongozi wake ni watu wa vijiji hivyo hivyo. Watu kumi hadi kumi na watano hukutana mara moja kwa wiki, kwa majuma kumi na matano. Hawaanzi na yaliyowapata. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, kisha kujaliana, ndipo baadaye sana wafike kwenye kumbukumbu. Na kiongozi ana mtu wa kumwendea.

Songwe haianzi na mikono mitupu. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uliozinduliwa kwa kipindi cha kuanzia 2017/18, kamati ziliundwa hadi ngazi ya kata na kijiji. Zipo kwaya, vipo vikoba. Anayekosekana ni mtu wa kumsimamia kiongozi: mnasihi au muuguzi wa afya ya akili anayekutana na viongozi kumi mara moja kwa mwezi, akasikiliza kilichowashinda, akawauliza pia wao wanalalaje usiku. Wafadhili hupenda kulipia semina kwa sababu semina ina mwanzo, mwisho na picha. Mkutano wa kila mwezi hauna picha.

Kwa hiyo nawaomba maafisa mipango wanaonisoma waichukue bajeti ya semina moja, yenye ukumbi, posho, mabango kitita na fulana, waigawe kwa miezi kumi na miwili ya nauli. Waanze na nauli ya kiongozi wa kikundi anayetoka Kamsamba, bondeni kabisa, kuja Vwawa na kurudi, pamoja na chakula cha mchana. Kisha waandike pembeni jina la mtu atakayekuwa Vwawa siku hiyo kumsikiliza.