Sehemu ya 4: Nani analinda halmashauri isifutwe?

Kwenye sehemu ya 3 niliwaeleza jinsi halmashauri za wilaya zilivyofutwa mwaka 1972. Mmoja wenu akaniuliza: kwani hakukuwa na mtu wa kuzuia?

Hakukuwa naye. Bunge letu ni moja, likipitisha limepita. Halmashauri za miji zilirudi kwa sheria ya 1978, baada ya huduma za mijini kuzorota na kipindupindu kuingia. Sisi wa wilayani tulisubiri sheria ya 1982, na halmashauri zikaanza tena 1984.

Najua mama mwenye uchungu usiku hapa Nyakanazi hawazi mambo ya bunge. Anataka akute mkunga yupo na taa inawaka. Lakini zahanati ile iko chini ya halmashauri, ndiyo maana nawasumbua na historia hii.

Sasa tuangalie jirani. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na mabunge mawili, na la juu liliitwa Seneti, lenye maseneta 41. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda majimbo. Vipengele vilivyoyalinda majimbo havikuguswa bila kura za asilimia 90 ya maseneta. Ukuta mrefu, sivyo? Mwaka 1964 chama cha upinzani, KADU, kilijivunja na kujiunga na KANU. Mwaka 1965 kile kiwango cha kura kikashushwa. Mwaka uliofuata Seneti yenyewe ikaunganishwa na bunge la chini, na maseneta wakapewa viti humo. Mlinzi kapewa kiti sebuleni, geti kaliacha!

Angalia kilichofuata. Kuanzia Januari 1970 halmashauri za wilaya za Kenya zilinyang'anywa afya, shule za msingi na barabara, vyote vikaenda Nairobi. Hapo hapakuwa tena na Seneti ya kuuliza kwa nini.

Ndiyo maana katiba yao ya 2010 iliirudisha. Kaunti ni 47, na ibara ya 96 inasema Seneti inawakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Huduma nyingi za afya zikahamia kaunti mwaka 2013, na ugomvi ukaanza mwaka huohuo. Seneti ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 258, Bunge la Taifa likasema 210. Muswada ukapelekwa kwa Rais bila maoni ya Seneti kuzingatiwa, naye akausaini. Maseneta wakaenda Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Novemba 2013 mahakama ikasema Seneti ilipaswa kushirikishwa. Pesa ya mwaka ule haikuongezeka, lakini mlango ulibaki wazi kwa miaka iliyofuata.

Msidhani nawasifia tu. Mwaka 2020 maseneta wenyewe walibishana miezi kadhaa jinsi ya kugawana pesa za kaunti, kwa sababu kanuni mpya ingezipunguzia kaunti kame kama Wajir na Mandera. Magavana wakatishia kufunga huduma. Walielewana Septemba, na hakuna kaunti iliyopunguziwa. Mimi nesi naona pande zote mbili: ule ubishi uliokoa wagonjwa wa Mandera, lakini kaunti zote zilikaa zinasubiri pesa, na hospitali haiwezi kumwambia mtoto mwenye nimonia asubiri kikao.

Na sisi? Tangu marekebisho ya 1984 halmashauri zetu zimeandikwa kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146. Kuziondoa humo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Ni ulinzi kuliko ule wa 1972, ila aliyeshika funguo bado ni bunge lilelile moja.

Sehemu ya 5 nitashuka chini kabisa: kamati ya zahanati, nani anakaa humo, na kwa nini nataka akina mama wa kliniki ya Jumatano wawemo.