Jua la Jumapili: Baiskeli, Baridi na Wavuja Jasho wa Uingereza

Mwishoni mwa Machi 1919, miezi michache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kunyamaza, bwana mmoja aitwaye W. M. Robinson alipanda milima ya Berwyn, kaskazini mwa Wales, akiwa na baiskeli. Nasema "akiwa na baiskeli", sisemi "juu ya baiskeli", kwani sehemu kubwa ya njia ile ilifunikwa na theluji na chombo kikawa cha kusukumwa. Robinson alikuwa ametoka vitani na jeraha la mguu. Hakuwa anapeleka barua, wala maziwa, wala mgonjwa. Alikuwa anatembea tu, yeye na wenzake, kwa raha zao.

Habari za matembezi hayo alizichapisha katika gazeti la Cycling kwa jina lake la kalamu, Wayfarer, yaani msafiri. Kichwa cha makala alikichukua kwenye msemo wa askari waliokuwa wakiamrishwa kuchupa nje ya mahandaki kwenda kukabiliana na risasi. Wasomaji wake wengi walikuwa wametoka huko huko, wakauelewa bila kuelezwa. Mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, wapenzi wa njia mbovu waliweka kumbukumbu yake pale juu mlimani, karibu mita 580 kutoka usawa wa bahari.

Sasa, ndugu msomaji, najua unachofikiri. Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu baiskeli ni punda wa chuma. Inabeba gunia la mkaa, kreti za soda, mama mjamzito, na nimeiona ikibeba jeneza. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiyo iliyozaa boda boda katika miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijaja kulichukua jina hilo. Anayepanda baiskeli anakwenda mahali. Baba yangu mdogo nilipomwambia kwamba huko Manchester nilikosoma tulikuwa tukiendesha Jumapili, Januari, maili arobaini, kisha tunarudi pale pale tulipoanzia, aliniuliza swali moja tu: "Mlikuwa mmetumwa na nani?" Nilipomjibu kuwa hatukutumwa, akahitimisha kwamba Wazungu hawana kazi.

La hasha. Historia inaonyesha kwamba walioanzisha mtindo huu walikuwa na kazi nyingi mno, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mwanzoni baiskeli haikuwa ya mfanyakazi. Lile gurudumu kubwa la mbele la miaka ya 1870 lilikuwa mchezo wa vijana wenye nafasi na mifupa ya kuvunja. Klabu yao kubwa ya matembezi ilianzishwa mwaka 1878 katika mji wa Harrogate, nayo baadaye ikajulikana kama Cyclists' Touring Club. Ndipo mwaka 1885 J. K. Starley wa Coventry akatoa Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo unaosukuma tairi la nyuma. Ukiiona leo huwezi kuistaajabia, kwa maana ni ile ile ya babu yako. Mwaka 1888 huko Belfast J. B. Dunlop akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Mwaka huo huo sheria ya Uingereza ikaitambua baiskeli kuwa gari kama magari mengine ya barabarani, lenye haki yake ya njia, na lenye wajibu wa kuwasha taa usiku. Bei ikaanza kushuka, za mkononi zikazagaa, na kabla ya karne kwisha fundi wa kiwandani naye akawa na yake, aghalabu kwa kulipa kidogo kidogo.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye siri yenyewe. Sisi tunaoishi karibu na ikweta jua tunaliona kama haki. Manchester, mwezi Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Hilo ni jua la kwenye kalenda, maana mara nyingi wingu halikuruhusu hata kulijua liko upande gani. Sasa mchukue mtu wa kiwanda cha pamba mnamo mwaka 1895. Anaingia kazini alfajiri, giza. Anatoka jioni, giza. Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi mchana anapopewa nusu siku. Huyu mtu mwanga wa mchana wa majira ya baridi anaupata Jumamosi kidogo, na Jumapili. Basi. Kama Jumapili hiyo atailalia, mpaka Februari atakuwa anaishi kama fuko.

Kwa hiyo wanahistoria wanapotusimulia picha za vijana wa kiangazi, kofia za nyasi na maua ya porini, mimi huwa nageuza ukurasa. Kiangazi hata mvivu hutoka. Aliyetoka Januari, kwenye mvua ya barafu, vidole vimekufa ganzi, huyo alikuwa anadai kitu chake.

Na wapo waliodai kwa sauti. Mwaka 1891 Robert Blatchford alianzisha gazeti la kisoshalisti, The Clarion, mjini Manchester. Mwaka 1894 wasomaji wake kadhaa wa Birmingham wakaunda klabu ya baiskeli ya jina hilo, na miji mingine ikafuata kwa kasi. Walikwenda vijijini na magazeti na vijitabu kwenye mikoba, wakifika uwanja wa kijiji wanahubiri siasa, kisha wanakunywa chai. Blatchford mwenyewe simsifu sana: alikuja kuunga mkono vita vya Uingereza dhidi ya Makaburu, na hapo usoshalisti wake uliishia ufukweni. Lakini klabu zilimzidi aliyeziwezesha. Pale Roughlee, Lancashire, lipo jumba lililojengwa mwaka 1912 na wasoshalisti wa mji wa viwanda wa Nelson ili mwendesha baiskeli na mtembea kwa miguu wapate mahali pa kupumzika. Hata leo linafunguliwa Jumapili. Chai inakuja kwenye kikombe kikubwa kama kopo la kuogea mtoto, na hakuna anayekuuliza umevaa nini.

Majira ya baridi yalikuwa na utaratibu wake. Kiangazi klabu zilishughulika na mashindano, na mashindano, bwana, huwatenganisha watu: wenye nguvu mbele, wengine vumbi. Baridi ikiingia mashindano hufungwa. Inabaki safari ya Jumapili, wote pamoja, mwendo wa aliye nyuma. Wengi walifunga baiskeli isiyo na friwili, ile ambayo tairi likizunguka na pedali zinazunguka, hakuna kupumzisha mguu, kwa sababu haina vikorokoro vya kuharibika kwenye tope na inamfundisha mtu kukanyaga sawasawa. Madigadi hayakosekani. Sikujua thamani ya madigadi mpaka niliposhika nafasi nyuma ya kijana asiye nayo. Maili tatu tu nilikuwa nimekula shamba zima la Cheshire.

Taa nazo zina hadithi. Kabla ya betri na dinamo kuenea, wengi walitumia taa ya gesi: juu maji, chini mawe ya kabaidi, tone kwa tone mpaka gesi itoke na kuwaka mwanga mweupe. Sikio langu linaisikia humo karabai yetu ya nyumbani. Usiku wa barafu yale maji yaliganda na taa ikazima, na mtu yuko katikati ya mashamba, sheria inamtaka awe na taa. Si mchezo.

Wanawake walilipa bei ya juu zaidi kwa raha hii. Mwaka 1898, mwezi Oktoba, Lady Harberton alifika na baiskeli yake kwenye hoteli iliyoitwa Hautboy, kijijini Ockham, Surrey, akiwa amevaa suruali pana zilizokazwa chini ya goti badala ya sketi. Akakataliwa kula kwenye chumba cha heshima. Akaelekezwa chumba cha baa. Klabu ile ya 1878 ikaipeleka kesi mahakamani mwaka 1899, na ikashindwa, kwa hoja kwamba chakula hakunyimwa, alibadilishiwa chumba tu. Hoja ya aina hiyo mimi na wewe tunaifahamu. Tumeshaelekezwa vyumba vingi.

Miaka arobaini baadaye akatokea Billie Dovey. Tarehe 1 Januari 1938, binti wa miaka ishirini na mitatu, alipanda baiskeli yenye gia tatu na kuanza kuendesha kila siku ya mwaka. Kila siku, msomaji: ya mvua, ya ukungu, ya theluji. Jioni alikuwa akitoa mihadhara juu ya afya ya mwili. Alibeba kadi ambazo watu wa njiani walitia sahihi kushuhudia kwamba kweli kapita. Desemba 31 ilipofika alikuwa amekwenda maili 29,603, zaidi ya kilomita 47,000, na hakuna mwanamke aliyeipita rekodi hiyo mpaka mwaka 2016. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla, akiwa ametimiza miaka mia. Baridi ilimwanza na baridi ikammaliza mwaka wake. Ilikuwa lazima, maana Januari na Desemba hazirukwi.

Lipo jambo jingine, nalo haliwezi kuachwa na mtu wa upande wetu. Lile tairi la Dunlop ni mpira, na mpira wa miaka ya 1890 ulitoka msituni. Watu walipozidi kupanda baiskeli Ulaya na Marekani, mpira ukapanda bei, na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeishika Kongo tangu 1885 kama mali yake binafsi, akaona utajiri. Vijiji vikapangiwa kiasi cha kuleta. Asiyeleta mke wake alishikwa rehani, kijiji kilichomwa, askari walikata mikono. Aliyeng'amua ni karani, E. D. Morel, wa kampuni ya meli ya Liverpool. Akisimamia shughuli za kampuni bandarini Antwerp aliona meli zinakuja zimejaa mpira na pembe, zinarudi na bunduki na risasi. Biashara gani hiyo isiyo na malipo? Mwaka 1904 yeye na Roger Casement wakaanzisha chama cha kuipinga, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Mfalme Philippe alikwenda Kinshasa mwaka 2022 akaeleza majuto yake. Radhi hakuomba.

Hata kwetu Wajerumani walipanda mpira Muheza na Usambara, na waliovutwa kwenda kufanya kazi ya mashamba ya pwani walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, wazee wangu, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Kwa hiyo yule mfumaji wa Nelson aliyepata jua lake la Jumapili alilipata juu ya upepo uliofungwa ndani ya jasho la mtu asiyemjua. Simlaumu. Naye mwajiri wake hakumpa kitu bure. Ila nikisoma vitabu vya klabu vinavyosifu tairi lile na kulitaja Belfast, nasikia ukimya wa msitu mzima.

Turudi mlimani, maana jasho la huko Uingereza nalo lilikutana na uzio. Ardhi nyingi ya miinuko kati ya Manchester na Sheffield ilikuwa ya makabaila, imehifadhiwa kwa ajili ya kuwinda ndege, na walinzi walimfukuza kila mpita njia. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walipanda Kinder Scout kwa makusudi, bila ruhusa. Mmoja wa viongozi wao, Benny Rothman, kijana wa miaka ishirini kutoka Cheetham, Manchester, alikuwa mwanachama wa Clarion. Polisi walimsubiri stesheni ya gari moshi. Yeye akaja kwa baiskeli! Misuli ya kuupanda mwinuko ule hadi Hayfield haikuumbwa asubuhi ile ya Aprili. Iliumbwa Jumapili za tope.

Vijana watano walifungwa, Rothman miezi minne. Sheria ya mbuga za taifa ilikuja 1949, na Kinder ikawa ndani ya ile ya kwanza iliyotangazwa, mwaka 1951. Mwaka 1968 sheria nyingine iliwaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi za mashambani, na kwa njia hizo ndipo nami nilipopita. Mnamo Aprili 2002, miaka sabini kamili baada ya tukio, Duke wa Devonshire alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa yale aliyoyafanya babu yake, mwenye ardhi ile. Rothman hakuwepo kuisikia. Alikuwa amefariki Januari, mwaka huo huo.